Baada ya Sarakasi, Sokwe Anajifunza Usokwe

Toleo lililopita tuliandika kwa ufupi habari za sokwe waliostaafu sarakasi, filamu na matangazo ya biashara, na makao wanakomalizia maisha yao. Barua zilizofuata zimeuliza mambo mazito kuliko tuliyoandika, kwa hiyo safari hii ukurasa wote ni wenu. Tukisema sokwe hapa tunamaanisha sokwe mtu, yule wa Gombe na Mahale. Gorila ana mambo yake.

SWALI: Mliandika kwamba sokwe wa filamu huachishwa kazi akiwa na miaka saba au minane. Mnyama anayeweza kufika miaka hamsini anastaafuje utotoni? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Kwa sababu kazi yenyewe ni ya mtoto. Yule mnayemwona kwenye tangazo amevaa suruali, uso wake bado mweupe na masikio yamemzidi kichwa, ni mtoto wa miaka miwili hadi sita. Porini angekuwa ananyonya, maana mtoto wa sokwe hunyonya miaka minne hadi mitano na hulala kiota kimoja na mama yake mpaka mdogo wake azaliwe. Wa jukwaani huondolewa kwa mama mapema, na kwa makusudi. Mtoto asiye na mama humng'ang'ania yeyote aliye karibu, na kung'ang'ania huko ndiko kunakoitwa utiifu.

Akikaribia balehe mambo hugeuka. Watu husema ana nguvu mara tano za binadamu. Si kweli: utafiti wa mwaka 2017 uliopima nyuzi za misuli ulikuta nguvu zake ni kama mara moja na theluthi ya misuli ya mtu ya ukubwa uleule. Lakini mpe dume huyo kilo 60, meno ya chonge, na miguu inayoshika kama mikono, utaona kwamba theluthi hiyo inatosha kabisa. Kikubwa zaidi ni nia. Dume anayebalehe anaanza kutafuta cheo, na hukitafuta kwa kumjaribu kila aliye karibu naye. Akiwa amezungukwa na watu, atawajaribu watu. Wapo waliong'olewa meno ili waongezewe mwaka mmoja au miwili ya kazi, na wanapofika makaoni kazi ya kwanza ya daktari ni kutibu fizi na mizizi ya meno iliyoachwa ndani.

Baada ya hapo bado ana miaka arobaini ya kuishi. Nchini Marekani kumtunza sokwe mmoja vizuri hugharimu zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka, na aliyejipatia pesa kupitia kwake enzi za utoto wake ni nadra kuonekana wakati wa kulipa.

SWALI: Mbona kwenye picha hizo anaonekana anacheka? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Anakenua, hacheki. Midomo ikivutwa nyuma na safu zote mbili za meno zikaonekana, huo ni uso wa hofu. Sokwe anayecheka kweli huachia mdomo wazi, meno ya juu yamefunikwa na mdomo, na hutoa sauti ya kuhema haraka haraka. Tabasamu la kwenye tangazo hufundishwa kwa ishara, na ishara hiyo mara nyingi ilianza kwa tishio. Ndiyo maana mlezi anayempokea sokwe mgeni hujizuia kuonyesha meno; hufunika meno ya juu kwa mdomo na kutikisa kichwa polepole.

Picha hizo zina madhara mengine. Mwaka 2008 Stephen Ross na wenzake wa bustani ya wanyama ya Lincoln Park, Chicago, walieleza kwamba karibu theluthi ya wageni hawakujua kuwa sokwe yuko hatarini kutoweka, ilhali kwa gorila karibu wote walijua. Sababu waliyoitoa wengi ni kwamba sokwe wanawaona kila siku kwenye televisheni.

SWALI: Sisi wa Kigoma tuna Gombe na Mahale. Kwa nini sokwe hao wasiletwe kwao wakaachiwa msituni, badala ya kufungiwa tena kwenye hayo mnayoyaita makao? (Msomaji, Kigoma)

JIBU: Swali hili limeulizwa na wengi, na Tanzania imewahi kulijibu kwa vitendo. Kati ya 1966 na 1969 sokwe 17 waliokuwa wakiishi kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya waliletwa na Jumuiya ya Zoolojia ya Frankfurt wakaachiwa kisiwani Rubondo, Ziwa Victoria, bila mafunzo yoyote. Wakaishi. Walijifunza kula majani na matunda ya kisiwani, wakajenga viota, wakazaa, na kizazi chao kipo hadi leo.

Lakini tazameni mazingira. Wengi wao walikuwa wamezaliwa porini Afrika Magharibi kabla ya kukamatwa, kwa hiyo walishamwona mama akichuma na kujenga kiota. Rubondo haikuwa na sokwe wenyeji. Na hata hivyo, waliokwishazoea watu hawakuwaogopa watu: baadhi ya madume walishambulia, na wawili walipigwa risasi.

Gombe ni habari nyingine. Kule kila bonde lina wenyewe. Kati ya 1974 na 1978 madume wa kundi la Kasakela waliwaua mmoja mmoja madume wa kundi la Kahama, na hao walikuwa jamaa zao waliojitenga tu. Dume mgeni asiyejua hata mlio wa kusalimia hatamaliza wiki. Halafu kuna magonjwa. Sokwe aliyekaa na watu miaka kumi amepata mafua yao, kikohozi chao, pengine kifua kikuu chao. Na Gombe inakumbuka mwaka 1966, ugonjwa wa kupooza unaofanana na polio ulipoua na kulemaza sokwe kadhaa. Tena wengi wa sokwe walioko Marekani wana asili ya Afrika Magharibi au ni machotara, wakati wa Kigoma ni sokwe wa mashariki. Kuwachanganya ni kuharibu kile ambacho hifadhi ililindwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo wanaoachiwa porini, kama ilivyofanyika Kongo Brazzaville na Guinea, ni mayatima waliozaliwa porini na kulelewa pamoja na sokwe wenzao. Wa jukwaani hurudishiwa kitu kingine: hurudishwa kwa sokwe wenzake. Hicho chaweza kupatikana hata mbali na msitu.

SWALI: Nilisikia kuna sokwe wa hapa kwetu Bujumbura aliyepelekwa Kenya, naye hutembea wima kama mtu. Ni kweli au ni hadithi? (Msomaji, Bujumbura)

JIBU: Ni kweli, na jina lake ni Poco. Alizaliwa karibu mwaka 1980, na kwa miaka tisa aliwekwa kwenye tundu dogo lililoning'inizwa mahali pa biashara ili kuvuta wateja. Tundu lilikuwa jembamba na refu: aliweza kukaa au kusimama, basi. Mifupa na misuli yake ilikua ikifuata umbo la tundu. Mwaka 1995 alifikishwa Sweetwaters, ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta karibu na Nanyuki, kituo kilichofunguliwa 1993 kuwapokea sokwe waliohamishwa kutoka Bujumbura kwa sababu ya vita.

Pale alipata kundi na eneo kubwa la kutembea, lakini hakuacha kutembea wima. Watalii walimpenda kwa hilo, na wengi walidhani ni akili nyingi. Ni alama ya tundu. Tunasisitiza kwa sababu watu hutegemea kwamba makao yatafuta kila kitu. Kuna vinavyofutika, kama kujing'oa manyoya na kula kinyesi, ambavyo hupungua mnyama akipata wenzake na kazi ya kufanya. Kuyumba mbele na nyuma hurudi kila anaposhtuka. Mgongo uliokomaa vibaya haunyooki.

SWALI: Shikamooni. Nasomea utabibu wa wanyama hapa Morogoro. Sokwe aliyelelewa na watu anaingizwaje kwenye kundi bila kuuawa? Naomba hatua kwa hatua. (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Hatua ya kwanza haimhusu sokwe mwingine: ni karantini, ambayo katika vituo vya Afrika kwa kawaida ni miezi mitatu. Ndani ya muda huo hupigwa nusu kaputi ili apimwe yote kwa mkupuo, meno, picha ya kifua, damu kwa ajili ya homa ya ini na mengineyo, na hupewa chanjo. Kinyesi hupimwa minyoo na amiba. Kipimo cha kifua kikuu huchomwa kwenye kope la juu la jicho, kikasomwa baada ya saa 24, 48 na 72. Kope limechaguliwa kwa sababu likivimba unaliona kwa mbali bila kumlaza tena. Hurudiwa hadi mara tatu, maana kimoja chaweza kudanganya.

Uzazi nao hufungwa mapema, kwa kuwa makao hayazalishi. Majike huwekewa kijiti au hupewa vidonge, madume hukatwa mirija ya mbegu. Usitegemee upande mmoja. Januari 2007, kwenye makao ya sokwe ya Chimp Haven, Louisiana, Marekani, alizaliwa mtoto wa kike aliyeitwa Tracy, na madume wa kundi wote walikuwa wameshakatwa mirija.

Kisha wanaonana. Mgeni huwekwa chumba ambacho anawasikia, anawanusa na kuwaona wenyeji kwa umbali wa mita chache. Blanketi lake hupelekwa kwao, lao huletwa kwake. Hapo unaandika nani anakuja kumtazama mara kwa mara na kwa sura gani, kwani huyo ndiye atakayekufaa baadaye.

Ndipo unafuata wavu. Tundu la sentimita 5 kwa 5 hupitisha vidole, halipitishi mkono wa sokwe aliyekomaa. Dalili njema ni mwenyeji kugeuza mgongo ili achambuliwe manyoya, au midomo miwili kugusana kwenye wavu huku wakihema kwa sauti ndogo. Dalili mbaya mara nyingi haina kelele: mwenyeji ametulia tuli, manyoya yamesimama, anasubiri vidole vipite. Vidole vingi hupotea hapa, siyo siku ya kufungua mlango. Mgeni aliyezoea kuomba mkono wa mtu hupitisha vidole bila kufikiri, kwa hiyo kwake tumia kwanza wavu wenye matundu madogo zaidi.

Siku ya kufungua mlango, anaingia mwenyeji mmoja tu, naye asiwe kiongozi. Chagua jike mtu mzima, mpole, mwenye subira, au kijana anayependa kucheza. Vyumba viwe angalau viwili, vyenye milango miwili, ili anayekimbizwa aweze kuzunguka. Chumba cha mlango mmoja ni mtego, na majeraha mabaya tunayoyajua mengi yametokea konani. Wote wawe wameshiba. Tawanya majani na punje ndogo ndogo kila mahali, ila usiweke ndizi wala chochote cha kugombania. Mtu mmoja asimamie milango, mwingine aangalie tu na kuandika, na mpira wa maji wenye shinikizo uwe tayari.

Kosa la wageni wa kazi hii ni kutenganisha kwenye yowe la kwanza. Kelele, kukimbizana, hata damu kidogo kidoleni, ni sehemu ya mazungumzo yao. Ukiwatenganisha kila wanapopaza sauti, kesho wanaanza upya, na mgeni anajifunza kwamba kupiga yowe huleta mlezi. Unaingilia wakiwa wengi wamemlalia mmoja bila kumwachia, wakilenga sehemu za siri, au anayepigwa akinyamaza.

Akipata rafiki wa kwanza anaongezwa wa pili, kisha wa tatu. Kiongozi huletwa mgeni akiwa na angalau wawili wa kusimama naye. Na hapa ndipo tatizo la sokwe wa jukwaani hujitokeza wazi: hajui shikamoo. Sokwe mdogo kwa cheo akimkuta mkubwa huinama na kutoa milio mifupi ya kuhema, haraka haraka, na mkubwa huitikia kwa kumgusa au kwa kumpuuza. Aliyekulia kwa watu humkabili mkubwa kichwa juu, macho kwa macho, au humpa mgongo amwendee mlezi. Kwa kundi huo ni ufidhuli, na ataadhibiwa. Hakuna binadamu awezaye kumfundisha salamu hiyo. Hujificha nyuma ya yule jike rafiki, humwona akiitoa, siku moja huijaribu naye. Tukio hilo huandikwa kwenye daftari la kituo kwa tarehe na saa.

Muda? Wiki chache kwa mtoto, zaidi ya mwaka kwa dume mzima. Utafiti wa Lincoln Park uliotoka 2014 ulionyesha kwamba waliokaa sana na watu utotoni huchambuana manyoya kidogo kuliko wenzao hata baada ya miaka mingi ndani ya kundi. Kwa hiyo usipime mafanikio kwa ukubwa wa kundi. Wapo wanaoishia kuishi wawili au watatu, wanalala wameegemeana, na hiyo ni kazi iliyofaulu.

Jambo moja zaidi, ambalo vitabu hulipita. Wengi wa sokwe hawa hawajawahi kukanyaga majani. Unafungua mlango wa uwanja, naye anabaki kizingitini siku nyingi akishika fremu. Usimvute kwa chakula akatoka kwa njaa akapata hofu. Funga kamba na magogo kutoka mlangoni hadi jukwaani, ili apite juu bila kugusa nyasi, na nyasi zenyewe zitakuja kwa wakati wake.

SWALI: Yule Bubbles wa Michael Jackson aliishia wapi? Na je, wanawakumbuka watu wao wa zamani? (Msomaji, Minneapolis)

JIBU: Bubbles alizaliwa 1983, na tangu 2005 yuko Center for Great Apes, mji wa Wauchula, Florida. Kituo hicho kilianzishwa na Patti Ragan mwaka 1993 na hupokea sokwe na orangutani, wengi wao wa filamu na matangazo. Mabanda yake yameunganishwa na njia za wavu zilizoinuliwa juu ya ardhi, zenye urefu wa zaidi ya kilomita moja na nusu, zinazopita katikati ya miti, kiasi kwamba sokwe asiyetaka kuonana na mwenzake ana pa kwenda. Bubbles alitimiza miaka 40 mwaka 2023, dume mkubwa mwenye kundi lake, bila nguo.

Kukumbuka, wanakumbuka. Utafiti uliochapishwa 2023, uliofanyika Uskochi, Ubelgiji na Japani, uliwaonyesha sokwe na bonobo, jamaa wa karibu wa sokwe, picha za wenzao waliotengana nao zamani, na macho yao yalikawia kwenye sura walizozijua. Jike mmoja wa bonobo alimtambua dada yake baada ya miaka 26. Hakuna sababu ya kudhani kwamba nyuso za watu hupotea upesi zaidi.

Hata hivyo, sisi tunaona vituo vinavyopunguza ziara za watu wa zamani vina haki. Mgeni huyo akifika, sokwe huacha alichokuwa anafanya, hukaa kwenye wavu akiomba mkono, na mara nyingine hurudia vituko alivyofundishwa. Mgeni huondoka saa kumi jioni. Sokwe hubaki na kundi ambalo limemwona akiligeuzia mgongo.

Kwa faida ya mlioko huko: tangu Septemba 2015 sheria ya shirikisho huwahesabu sokwe wote wa Marekani, hata waliofugwa, kuwa viumbe vilivyo hatarini, na kuwauza kutoka jimbo hadi jimbo kunahitaji kibali. Hilo, pamoja na picha za kompyuta, limewaondoa karibu kabisa kwenye matangazo.

SWALI: Wanapewa ndizi ngapi kwa siku? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Chache, na vituo vingine huzihifadhi kwa kufichia dawa tu. Matunda ya shambani yana sukari nyingi na nyuzinyuzi kidogo kuliko ya msituni. Sokwe wa jukwaani hufika ameshazoea soda na peremende, meno yameoza, tumbo kubwa. Sokwe aliyekomaa wa kilo 60 hula kilo mbili hadi tatu za vyakula vibichi, sehemu kubwa ikiwa majani na mboga, kabichi, mchicha, matango, pilipili hoho, boga, viazi vitamu kidogo, pamoja na tembe maalumu zilizotengenezwa kwa jamii ya nyani zenye vitamini C, kwa kuwa mwili wake, kama wetu, hauitengenezi. Soda huzimuliwa kwa maji kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ukiikata ghafla anaweza kugoma kunywa kabisa.

Shida kubwa ni kasi. Porini hutumia karibu nusu ya mchana akitafuta na kula. Bakuli analimaliza kwa dakika kumi, kisha hutapika chakula mkononi na kukila tena, kwa kukosa la kufanya. Dawa yake ni kuugawa mlo mara tatu au nne, kuutawanya, kuugandisha kwenye barafu, na kujenga kichuguu cha saruji chenye matundu ya kutiwa uji au siagi ya karanga, ambao hutolewa kwa kijiti tu.

SWALI: Jambo, bwana mwandishi. Mimi ni kijana, nataka kazi ya kutunza sokwe. Kazi hiyo inaomba nini? (Msomaji, Lubumbashi)

JIBU: Uko mahali pazuri kuanzia. Mjini kwenu kuna J.A.C.K., kituo cha tangu 2006, na Kivu Kusini kuna Lwiro. Hao hupokea hasa mayatima wa uwindaji, lakini kanuni za kazi ni zilezile.

Kwanza afya yako. Utapimwa kifua kikuu, utachanjwa surua, polio na homa ya ini B, na siku ukiwa na mafua hutakuja kazini, hata kama zamu haina mtu. Mafua yanayokulaza wewe siku mbili yanaweza kuua sokwe.

Pili ni milango. Kabla ya kuingia chumba, hesabu sokwe wote kwa majina, kwa sauti, mwenzako akithibitisha. Kila mlango wa nje una mwenzake wa ndani, na miwili haifunguliwi kwa pamoja. Kufuli likifungwa, livute. Sokwe wengi waliotoroka hawakuvunja chochote. Walipita mlango ambao mtu aliyechoka alidhani ameufunga. Uzio wa umeme, wa volti 5,000 na kuendelea, hupimwa kila asubuhi, maana jani moja lililoegemea waya hula nguvu yake, na wapo sokwe waliojifunza kutupia tawi juu yake. Kwenye mfereji wa maji, chunguza waya wa tahadhari kabla ya ukingo: sokwe huzama, na mgeni hajui kina.

Tatu, mikono yako ibaki upande wako wa wavu. Sokwe wa jukwaani ndiye mgumu kuliko wote hapa, kwani atakuita kwa ishara za kibinadamu, atakupa mkono kama muungwana, na anajua udhaifu wako kuliko yatima wa porini. Kazi ya karibu hufanyika kwa mafunzo ya hiari: anasogeza bega kwenye wavu apate karanga, kesho bega na sindano butu, wiki ijayo sindano yenyewe. Akiondoka haadhibiwi. Na maneno mapya hutumika, siyo yale ya mwalimu wake wa zamani, kwa kuwa hujui neno gani lilifuatiwa na fimbo.

SWALI: Assalaam alaykum. Huku nilipo nimeona mtoto wa sokwe amevalishwa nguo, watu wanapiga naye picha kwa pesa. Ndugu zangu wananishauri tuchange tumnunue tumwokoe. Mwasemaje? (Msomaji, Muscat)

JIBU: Wa alaykum salaam. Msimnunue, tafadhali. Muuzaji hajui nia yenu. Anajua tu kwamba bidhaa imetoka, na ataagiza mwingine. Kumpata mtoto mmoja porini, mama huuawa kwanza, na mara nyingi wengine waliojaribu kumtetea. Biashara ya sokwe kati ya nchi na nchi imepigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini, kwa hiyo hata mnunuzi mwema atakuwa na mnyama asiye na karatasi, asiyeweza kumpeleka popote.

Andika tarehe, saa na mahali hasa. Piga picha kwa mbali ikionyesha mnyama na mazingira, bila kulipa na bila kusimama naye. Peleka kwa mamlaka ya mazingira ya nchi, na uhifadhi nakala. Usiiweke mtandaoni, kwa sababu mtoto huyo atahamishwa usiku huohuo.

SWALI: Wakizeeka na kufa inakuwaje? (Msomaji, Kampala)

JIBU: Uzee huanza kuonekana baada ya miaka 35 hivi. Viungo hukakamaa, hivyo ngazi hubadilishwa kuwa mteremko, majukwaa hushushwa, na majani makavu ya kulalia huongezwa. Wengi wa hawa hawakufundishwa kujenga kiota, ila hupenda mablanketi, na mzee hupewa ya ziada ili asipokonywe la mwisho.

Kinachowaua wengi kizuizini ni moyo. Si mishipa kuziba kama kwetu; ni msuli wa moyo unaogeuka kovu, kimya kimya, na dume aliyekula vizuri asubuhi hukutwa amekufa jioni. Ndiyo maana hufundishwa kuegemeza kifua kwenye wavu mlezi akipitisha kifaa cha ultrasaundi, bila nusu kaputi, ambayo kwa moyo mbovu ni hatari yenyewe.

Akifa, wenzake huachwa wamwone. Kumbukumbu nzuri ya jambo hili ni ya Pansy, jike mzee aliyefia bustani ya wanyama ya Blair Drummond, Uskochi, Desemba 2008, kamera zikiwa zinarekodi. Siku za mwisho walimkalia karibu na kumchambua manyoya. Alipokata roho walimchunguza mdomo na kumtikisa mikono, dume mmoja akaupiga mwili, kisha akaondoka. Binti yake alikaa pale usiku kucha. Asubuhi walezi waliuondoa mwili, na kwa siku tano hakuna aliyelala juu ya jukwaa lile, ambalo kabla ya hapo walikuwa wakililalia.